Ajenda ya Tatu

Kikao kilifunguliwa kwa sala, saa nne na robo.
Wajumbe kumi na mmoja, wawili kwa udhuru:
Mzee Lechipya anapura uwele,
Tabitha anauguza.
Nikaandika tarehe. Nikapiga mstari kwa rula.

Ajenda ya kwanza, bati.
Ajenda ya pili, bati.
Upepo wa Julai umeng'oa mawili upande wa kwaya
na tangu hapo sauti ya pili huimba
jua likiwapiga usoni.

Ajenda ya tatu, utume.
Mwalimu Nhonya akasimama, akakohoa.
Alitaka spika. Spika nne na jenereta,
tuzunguke Kibaigwa siku ya gulio,
Neno lisikike hadi kwenye mizani ya mahindi,
hadi migongoni mwa wapakiaji.
Mhazini akafungua daftari lake la mraba:
elfu kumi na nane na mia tatu,
mayai saba,
kuku mmoja, aliyetoroka mnada ukiendelea.
Tukacheka. Sikuandika kwamba tulicheka.

Kisha Sechelela,
ambaye tangu achaguliwe hajanyoosha mkono,
akasema akiwa ameketi:
"Utume mimi siujui. Namjua Mbeleje."

Sote tunamjua. Nyumba ya mwisho, kando ya korongo.
Kope zimemgeukia ndani;
kila akipepesa, anajikwaruza mboni.
Kila Jumatano mama huyu humwendea
na kibano cha kung'olea miiba,
na maji nusu lita, ya kunawa,
anayoyapunguza kwenye ndoo ya kupikia.

"Katibu," akaniambia, "soma ulichomwandika."
Nikafunua rejista, mwaka wa tatu nyuma.
Kwa wino wangu mwenyewe: *Amerudi nyuma.*
"Hakurudi nyuma," akasema. "Haioni njia."

Kuna kimya ambacho muhtasari hauna safu yake.
Nilisikia mbuzi wakikohoa nje.
Nilisikia bati lililolegea likijipigapiga.

Alhamisi tulimpandisha kwenye baiskeli.
Mwalimu Nhonya ndiye aliyesukuma,
kilomita kumi na nne za vumbi hadi hospitali,
bila spika, bila neno,
shati limemgandia mgongoni.
Njiani Mbeleje akauliza:
"Ule mlango wa kanisa, bado ni wa bluu?"
Hakuna aliyejibu.
Tuliupaka rangi nyingine mwaka juzi, Pasaka,
na hakuna aliyekwenda kumwambia.

Hakuokoka siku ile.
Alipofungwa bendeji aliomba ugali na mlenda,
akalalamika chumvi ni kidogo.

Sasa kando ya mlango tumetundika kibuyu chirizi.
Watoto wa Sunday School hunawa kwanza, ndipo waingie,
na nzi hubaki nje
kama wageni wasio na barua ya utambulisho.
Wapo wanaonung'unika. Nawaelewa.
Kisima kiko mwendo wa saa mbili
na Mzee Lechipya huyatazama matone yakianguka
kama mtu anayehesabu noti za mwenzake.

Fomu ya jimbo ilikuja mwisho wa mwezi.
*Idadi ya walioongoka:* ____
Nikakaa nayo hadi koroboi ikaanza kufuka.
Nikaandika: Nyuso, thelathini na nne.
Ikarudi na alama ya kuuliza, wino mwekundu.
Iko hapa, ndani ya Biblia, kati ya Malaki na Mathayo.
Sijairekebisha.

Bati bado.
Jumapili iliyopita Mbeleje alikuja mwenyewe,
fimbo mkononi, macho yakimtoka machozi ya mwanga.
"Mbukwa," tukamwamkia. Hakuitika.
Alisimama mlangoni, akauweka kiganja kwenye ubao,
akautazama juu hadi chini.
"Kijani," akasema,
kama mtu aliyeibiwa.