Sikio la Kufa

Alama ya Gudlaug ni pengo dogo
nyuma ya sikio la kushoto.
Yangu ni ncha iliyokatwa.
Ukikata chini kidogo, ee Mungu, unajua,
ncha huondoka na pengo lake.

Ilinichukua pumzi moja.
Septemba, theluji imewahi kushuka,
kondoo jike wa kijivu amekwama korongoni,
mbwa wangu peke yake akitazama,
na mbwa hatoi ushahidi.
Damu ilikuwa matone matatu.
Niliyafukia kwa buti.

Gudlaug alikuwa mjane wa miezi minne.
Zizini alihesabu, akahesabu tena,
kisha akanishikia lango niwapitishe wangu,
akanimiminia kahawa kutoka chupa yake.
Niliinywa. Ilikuwa na sukari.

Nikangoja radi.
Nikangoja ugonjwa, nikangoja mlima utapike moto.
Ukanipa majani.
Yule wa kijivu ukampa mapacha,
mwaka wa pili mapacha tena,
na mabinti zake wakazaa, na wajukuu zake,
hata zizi langu likashika rangi ya majivu.
Kila Juni ukaniwashia jua lisilotua,
ukanitazama mchana kutwa na usiku kucha
bila neno.

Nami nikasema moyoni: hakuona.
Baadaye: amesahau.
Baadaye, kanisani, nikiimba kwa sauti kuliko wote:
amesamehe.
Hilo la tatu ndilo baya zaidi,
maana nilikuwa sijaomba.

Mchungaji wetu, nasema wa kanisani,
ingawa kwetu huku wa kanisani naye ana kondoo themanini,
alisema Jumapili moja, ndevu zake bado zina nyasi kavu:
"Deni lisilodaiwa halijafutwa.
Mwenye mali amekaa mlangoni pake.
Angeweza kutuma watu. Anataka uje."
Nilisikia nusu.
Sikio langu la kushoto lilikuwa limeanza kufa.

Dawa ya deni ni kulipa,
na sikio la kufa halisikii dawa.
Mimi nilikuwa navyo vyote viwili.

Mwaka huu daktari kule Akureyri
akanitia kifaa, kidogo kama haragwe.
Nikaanza kusikia friji, mvua,
soksi zangu mwenyewe juu ya mbao.
Na Septemba, zizini, nikamsikia Gudlaug,
sasa ana miaka sabini na minane,
akihesabu kwa mnong'ono, kidole hewani:
hamsini na sita,
hamsini na saba,
na yule wa kijivu.

Na yule wa kijivu.
Miaka thelathini na mmoja,
hatua mbili kutoka begani kwangu,
kisha lango, kisha kahawa.
Sijui kama anajua.
Nilimtazama usoni, sikuona kitu
ila baridi imemwekundisha pua.

Sikulia. Niliomba kiti.
Na pale kitini nikafahamu
kuna Mwingine afikaye mwisho wa hesabu yake kila jioni
na, kabla hajafunga lango, husema:
na yule Isleifur.

Leo ni Jumanne.
Nimewatenga wa kijivu wote, kumi na tisa,
na dume mmoja mweupe, wa riba.
Kisu nimekiacha mezani.
Maneno niliyoyapanga usiku yameganda njiani,
limebaki moja tu, *nilikata*,
nalishikilia mdomoni lisiyeyuke.

Taa ya jikoni kwake inawaka.
Wewe uliyenivumilia miaka thelathini na mmoja,
nivumilie na hatua hizi mia tatu:
goti langu ni bovu,
na hawa kondoo wake
wanasimama kula kila penye jani.