Glavu ya Mkono wa Kushoto

Posta ilipomstaafisha, Eluned
alinunua kamera ya mitumba, pauni thelathini,
akaendelea kuzipita njia zilezile
bila barua.
Njia hizo nilizirithi mimi, na mbwa wake wakali.

Huku Blaenau mvua hainyeshi, hupanga chumba.
Hukaa juu ya vilima vya sleti,
vifusi vya miaka na miaka, kijivu juu ya kijivu.
Kila paa lililosafirishwa Hamburg
liliacha mapaa tisa hapa, vipande vipande.
Waashi walipita, wakachagua, wakaacha.

Alinisubiri kizingitini na bahasha ya picha.
Rimu ya baiskeli nyuma ya duka la chipsi,
miiba imejisokota ndani yake, ina matunda meusi.
"Taji," akasema.
Doa la petroli kwenye lami, rangi saba.
"Agano, ila limevuja."
Fremu ya dirisha la kanisa la Bethania,
siku hizi stoo ya mazulia.
Na sufu kwenye seng'enge, nyeupe,
yenye tone la rangi nyekundu ya mfugaji.
Hiyo hakuisemea kitu.

Emrys kaka yake, miaka thelathini na moja ndani ya mlima,
vumbi bado limo kifuani likidai kodi,
aligonga kikombe mezani:
"Ukitaka msalaba utauona hata kwa uma na kisu!
Hizo ni mbao, dada. Mbao mbili.
Zimekutana kwa kuwa seremala alitaka zikutane."
"Ndiyo hivyo," akajibu Eluned. "Seremala."
Tulicheka sote watatu.
Kicheko cha Emrys kiligeuka kikohozi,
kikohozi kikakataa kugeuka tena kicheko.

Novemba tulimzika. Mvua ilikuwepo, bila shaka.

Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye njia ya machimbo,
amechuchumaa, kamera usoni.
Chini palikuwa na glavu ya ngozi, ya kushoto,
kiganja juu,
na katikati ya kiganja, tundu.
Maji yalijaa humo, na ndani ya maji kipande cha mbingu.
Nilingoja mlio. Haukuja.
"Patasi," alisema mwishowe. "Patasi hula hapo kwanza.
Zake nilizishona mimi, jozi baada ya jozi."

Akaiokota. Akaikamua
kama anayekamua nguo ya mtoto.
Akaivisha nguzo ya uzio, vidole juu,
jinsi yeyote afanyavyo na glavu iliyopotea
ili mwenyewe akipita aione.
Kisha akaniuliza kama bili ya umeme imefika.

Jumapili si siku yangu ya kazi, lakini nilipita.
Nguzo ilikuwa tupu.
Pengine upepo. Pengine kondoo.
Sikumwambia:
angekimbilia kamera,
na mvua ile, na goti lile.