Kipimo cha Kofia

Mimi ni mshona kofia, Kibokoni.
Vichwa navijua kwa uzi:
maalimu, inchi ishirini na mbili na nusu;
bwana harusi hutaka imbane kidogo;
maiti hashonewi.

Twalibu wangu alipotimiza miezi minne
nilimkatia ya kwanza, nyeupe, darizi nyembamba.
Ijumaa ya pili haikumwingia.
Nikasema uzi umenidanganya.
Nikakata nyingine.

Baadaye ndipo tukaambiwa maji.
Ndipo mrija, nyuma ya sikio la kulia,
ukashuka chini ya ngozi hadi tumboni,
kama uzi wa ndani asiouona mvaaji.

Sasa ana miaka mitatu, na kuna kitu humkamata:
jicho linahama, mkono unadunda,
kisha hulala kama aliyetoka safari.
Wasemao ni shetani na waseme.
Mimi nimeambiwa nisimwache alale.
Tangu saa nane usiku namzungusha ukumbini,
nampa ufunguo, nampa kijiko, nampa bobini,
hata adhana ya alfajiri ikatukuta
sote wawili tunalia.

Hospitalini, kijana Mghanga ana tepu kama yangu.
Paji hadi kisogo, sikio hadi sikio,
anatia alama kwa penseli nyekundu.
Namtazama mkono. Hakosei.
Nyaya ishirini na moja, kila mmoja na tone lake la gundi,
juu yake bendeji, inazunguka, inazunguka.
Kofia ya kwanza kumtosha mwanangu.

Analala. Mghanga anazima feni;
tunatoka jasho ili mashine isikie.
Kwenye kioo mistari inapita.
"Hayo ndiyo mawimbi, mama."
Mawimbi! Mtu wa Mombasa unamwambia mawimbi.
Mimi naona mishono:
kushoto mirefu, kama ya kupiga bandi,
kulia, upande wa mrija, mifupi, imebanwa.
Halafu pale, kidole chake kinasita,
sindano mbili, tatu, zimesimama wima
kwenye kitambaa kilichokuwa kimetulia.

"Hapo ndipo?"
"Daktari atasoma Jumatano."
Lakini nimemwona akiandika saa na dakika,
akiuma mdomo.

Sina elimu ya hayo. Ila najua
pindo likifumuka huanzia mahali,
na mahali pakishajulikana, mkono hutulia.

Nyumbani namwosha gundi kwa maji ya uvuguvugu,
taratibu pale penye mrija.
Kabla hajazindukana sawasawa nachukua tepu.
Ishirini na tatu.
Mwezi uliopita: ishirini na tatu.

Nakata kitambaa.