Sentimita Nane

Miaka kumi na tisa Eduvina Sanhueza
aliniletea habari mezani zikinuka mvua,
na mimi, mkasi mkononi, nikazipunguza.
Concepción, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Aliandika kama mtu achotaye maji kwa viganja viwili;
nilimwambia: kikombe, binti. Nataka kikombe tu.

Mgodi wa Caleta Huaro ulipoporomoka chini ya bahari
alipiga simu kutoka duka la mkate,
akanisomea majina kumi na moja, polepole,
sarafu zikidondoka ndani ya simu mojamoja.
Niliyaandika yote. Kisha, saa tatu usiku,
likaja tangazo la sabuni, sentimita nane,
nami nikafuta manne,
nikaweka "na wengineo".

Hakunigombeza.
Aliacha funguo za dawati kwenye kisahani changu cha chai.
Baadaye nikasikia ameuza pikipiki ya marehemu kaka yake,
amenunua kamera kwa mpiga picha wa harusi,
kuukuu, punje za mchele bado zimo mfukoni mwake.

Tulimcheka, sisi wa chumba cha habari.
Kimya kingi kina mshindo, sawa,
lakini gazeti halina herufi ya kimya;
na yeye alikuwa ameketi jikoni kwa Otilia Ñancupil
wiki nzima, maikrofoni kaivika soksi,
akimrekodi mjane akimenya viazi!

Miaka sita. Madeni. Jino lililong'oka
na pengo lisilozibwa.

Jana wameionyesha filamu katika ukumbi wa zimamoto.
Viti arobaini, watu hamsini na kitu, mbwa mmoja.
Otilia anamenya viazi dakika nne.
Anapanga sahani: tatu. Anasita.
Anairudisha moja kabatini.
Hakuna aliyekohoa.

Kisha nikatokea mimi.
Nilikwisha kuisahau siku ile alipokuja na kamera
akaniuliza, kwa sauti ileile ya kwenye simu,
"Don Belisario, wengineo ni nani?"
Pale ukutani mzee aliyevaa shati langu
anafungua kinywa, anafumba.
Anavua miwani, anatafuta kitambaa cha kuifutia,
hakipo, anaivaa tena.
Saa inasikika.
Nilingoja akate. Mimi ningekata hapo,
na hapo,
na hapo pia.
Hakukata.
Aliacha kamera iendelee mpaka mzee yule akasema: Remigio.
Basi. Moja tu ndilo alilolikumbuka.

Taa zilipowashwa nilitafuta mlango kwanza.
Otilia alikuwa pale, akijifunga skafu, mvua inanyesha.
Akaniambia matatu yaliyosalia.
Nikapapasa mfuko wa koti: sina kalamu.
Nikayarudia kwa mdomo, kama mtoto aliyetumwa dukani,
njia nzima mpaka kituo cha basi.