Karani wa Mvua

Miaka tisa nimeitwa hivyo, kwa kebehi,
tangu nilipochonga chale arubaini
kwenye ufito wa mkandaa
nikawa nautumbukiza jabiani kila alfajiri
kabla ya ndoo ya kwanza.
Thelathini na mbili. Thelathini. Ishirini na sita.
Naandika kwa penseli, daftari la hesabu,
maana wino hulia ukipata unyevu.

"Somoe, wahesabu mai kama fedha?"
Kwani si fedha?
Mwulizeni aliyenunua dumu la lita ishirini
lililovushwa hadi Ndau mwezi wa Machi.

Walikuja wafadhili, zamani, fulana za rangi moja.
Wakapaka saruji juu ya chokaa ya mababu,
wakafunga kibao cha bati chenye majina yao,
wakapigwa picha, wakala, wakaondoka alasiri.
Masika yale jabia ilijaa hadi shingoni.
Kufikia Julai twakwangua matope kwa kata.
Watu wakasema ni jini.
Wengine: ni jicho la Kizingitini.
Mimi nikaandika.

Mwaka huu wakaja watatu, bila fulana:
Jelagat, ambaye kazini kwake Eldoret husanifu madaraja;
Kilonzi wa mabomba, aliyetapika kutoka Mokowe hadi hapa;
na Bunu, mtoto wa Siyu, aliyesoma mpaka akasahau
mkate wa mofa huliwa kwa mkono gani.
Nikauliza: mwalipwa na nani?
Hatulipwi, akasema Kilonzi, ni likizo zetu.
Nikamwogopa kidogo.
Mtu asiyelipwa humfukuzi kirahisi.

Siku ya kwanza walitandaza ramani.
Pampu, paneli za jua, kisima cha mita sitini.
Nikasema: mita sitini hapa ni kuichimba bahari.
Nikamteremshia Kilonzi ndoo kisimani kwa jirani.
Akaonja. Akatema.
Akakunja ramani.

Siku ya pili Jelagat akauliza
jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza:
"Yuko mtu anayeandika kina cha maji?"

Nikaingia ndani.
Daftari saba, zimefungwa kwa leso iliyochanika.

Alizisoma amepiga magoti, jua likimchoma kisogo,
kidole kikishuka safu baada ya safu
kama anayetafuta jina la nduguye
kwenye orodha ya waliofaulu.
Kidole kikasimama.
"Tazama. Kila mwaka. Yanakimbia, yanakimbia,
yakifika chale ya kumi na tisa, yanatulia.
Sakafu yenu ni nzima, Somoe.
Tundu liko kumi na tisa."

Tukashuka kwa ngazi, ufito mkononi mwangu.
Nikashika chale. Bunu akachora mstari wa makaa
kuzunguka kuta zote nne,
na upande wa magharibi mstari ukagonga
vichwa viwili vya bolti, vyekundu kwa kutu,
vilivyotoboa ukuta mzima
ili kushikilia, kwa nje,
kibao cha majina.

Tukanyamaza.
Kisha Kilonzi akacheka,
na jabia tupu ikacheka naye mara tatu.

Siku nne za chokaa. Saruji ilibanduliwa yote,
viganja vya Jelagat vikababuka, akavifunga vitambaa,
akarudi ngazini.
Mzee wa mtaa akataka majina yao yachongwe ukutani.
"Msitoboe!" wakapiga kelele, wote watatu pamoja.
Kibao nikakichukua mimi. Ni bati zuri.
Nafunikia mtungi.

Mvua ilichelewa siku kumi na moja,
kisha ikaanguka juu ya mabati
kama deni linalolipwa kwa sarafu.

Sasa kila Ijumaa namtumia Jelagat tarakimu, bila salamu.
38.
37.
37.
35, harusi kwa kina Famau.
Jana akajibu, naye bila salamu:
"Chale ya kumi na tisa je?"

Nikamwandikia:
Sijaiona.
Iko chini ya maji.