Kufuli Lenye Tumbo

Kimeletwa mezani kwangu saa nne asubuhi,
kimoja kati ya mia sita na arobaini,
cheusi, kizito kuliko umbo lake,
na uso wa namba zinazowaka ukizigusa.
Hizza, wakala, ameishika fomu kwa vidole viwili
kama aliyeokota panya mkiani.
"Mama Shekiondo, hiki kinaongea na simu,
basi ni jamaa ya simu."
Najua anapiga hesabu gani.

Kazi yangu ni kuvipa vitu vichwa.
Kila kinachoshuka gatini hapa Tanga,
kabla hakijalala jikoni kwa mtu,
lazima kijulikane ni nani.
Kitabu kina sura, sura zina vichwa,
na kisicho na kichwa hakitoki getini.
Nimewahi kubishana siku mbili juu ya kiti
ambacho pia kilikuwa ngazi.

Nikafunua Sura ya Themanini na Tatu.
Sifuri moja: makufuli, ya ufunguo, ya namba, ya umeme.
Sifuri tatu: sefu, makasha ya fedha.
Nikakitazama.
Ni sanduku lenye kufuli,
au kufuli lenye tumbo?
Kanuni inasema: tafuta kile kinachokifanya kiwe chenyewe.
Rahisi kusema. Nina miaka arobaini na saba,
changu bado nakitafuta.

Mwenye mzigo ni Rehani Mdoe, ana vyumba vya wageni Raskazone.
Mgeni akifika usiku wa manane
hagongi, haitiki karibu ya mtu;
namba inamfuata kwenye simu,
kisanduku kinautema ufunguo.
"Na Mzee Kihiyo wa mapokezi?"
"Amepumzishwa," akasema Hizza, akiitazama feni.

Tukakijaribu. Nikatia ndani ufunguo wa kabati langu,
kabati la mhuri.
Kikajifunga, tik, kwa adabu.
Kisha umeme ukakatika, mtandao ukaufuata,
na betri za kiwandani zikakata roho.
Ufunguo wa dharura?
Hizza akajikuna kisogo.
Alikuwa ameutia humo humo,
usije ukapotea.

Tukakaa, maofisa watatu na wakala mmoja,
tumefungiwa nje ya kitu kinachoenea kiganjani.

Mpaka Fadhila, binti wa mafunzo kazini,
alipopasua katoni nyingine, akatoa ufunguo wa kingine,
akabandua kipande cha raba ambacho hatukukiona.
Chini yake, tundu.
Tundu la kawaida, la tangu na tangu.
Ufunguo si wake, lakini uliingia,
ukazunguka bila haya.
Tukajaribu cha tatu. Cha nane. Cha ishirini.
Hapo tukaacha kuhesabu.

Fomu haina mstari wa kuandika *kinadanganya*.
Hilo nikampa Hizza kwa mdomo, amfikishie mwenye mzigo.
Kwenye mstari uliopo nikaandika:
themanini na tatu, sifuri moja.
Kufuli.
Nikagonga mhuri. Hizza akapumua kama tairi.

Jioni, Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
nakuta mlango umefungwa, watoto wametoka.
Bi Mwanamkasi, kabla sijafumbua kinywa,
akavuta pindo la kanga, akalifungua fundo kwa meno.
Funguo mbili. Mmoja wangu.
"Na huu?"
"Wa Kihiyo. Kaenda Muheza kutafuta kibarua.
Kasema akirudi usiku, nisiamke, atabisha taratibu."
"Sasa asipokuamsha, utampaje?"
"Nitakuwa macho."

Nikasimama na ufunguo mkononi,
kwa mazoea nikilitafutia fundo lile kichwa.
Pamba, iliyofumwa, iliyochapwa...
"Wahesabu nini?" akauliza.
Nikasema hakuna.
Akalifunga upya, akalivuta likakaza,
akarudi kwenye maharage yake.