Hodi

Kemi, Februari. Saa tisa alasiri, giza limeshatanda.
Theluji imepanda hadi kingo ya dirisha la jikoni.
Nimevaa miwani ya Aune, yangu sijui iko wapi,
nimekaa mbele ya kompyuta yake.

Vieno yuko Turku, namsikia kwenye simu:
Babu, tafuta ukuta wa moto.
Miaka thelathini na minane nimeendesha greda;
kuta za theluji nazijua, nilizijenga alfajiri
mbele ya milango ya watu, wakanitukana.
Wa moto ndio kwanza nausikia.

Umo humo humo, asema, ulikuja na mashine.
Umezimwa tu.
Nani aliuzima?
Kimya. Sote twamjua:
yule wa sauti laini, wa Novemba,
aliyejiita wa benki, akasema bonyeza hapa,
nami nikabonyeza, mtiifu kama ng'ombe wa maziwa.

Washa. Nimewasha.
Mtandao huu ni wa nyumbani au wa umma?
Wa nyumbani, niko peke yangu.
Weka wa umma.
Hata nyumbani?
Hata nyumbani, Babu.
Kisichoitwa kikataliwe. Na fungua daftari la waliokataliwa.

Robo saa, hodi arobaini na moja.
Hazina jina, zina namba tupu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
aliyesema hivyo hakuliona daftari hili.

Sasa tupitie walioruhusiwa.
Printa tuliyoitupa kiangazi: futa.
Programu ya kodi ya mwaka juzi: futa.
Kitu kisichojulikana, cha Novemba: futa, futa.
Halafu *Karata*. Mlango wazi,
kwa yeyote, kutoka popote.

Hatari hiyo, asema Vieno. Futa.

Mkono umekataa.
Saa nne za usiku, kila usiku,
Aune alikuwa akicheka chumba cha pili
nami kitandani nikidhani televisheni.
Alicheza na dadake Helvi, ng'ambo ya mto, Haparanda.

Subiri, nikasema. Nikampigia Helvi simu ya mezani.
Unacheza bado?
Akakohoa. Akasema: Nafungua kila usiku.
Naona jina lake limefifia. Nafunga, nalala.

Nikamrudia Vieno.
Hakuna namna ya kumwachia mtu mmoja?
Ipo, akasema, sauti imeshuka,
ipo sehemu ya kuandika anwani moja tu.
Nikamsomea Helvi hatua, naye akanisomea namba zake,
polepole, kila moja mara mbili,
kama mtu anayehesabu hela za mazishi.

Saa nne. Kahawa imepoa.
Helvi amenifunga mikono mitatu mfululizo
na kuniuliza kama Aune hakunifundisha lolote.
Hakunifundisha. Sikuuliza.

Kwenye daftari hodi zimefika mia sita.
Zigonge.
Zamu yangu.